Konokono Kwenye Vilima vya Mchanga

Tangu niache kazi ya kambi watu huniuliza habari za simba, nami huwavunja moyo. Katika miaka yangu yote ya kupeleka familia za watu kulala kando ya ziwa, simba nilimwona mara mbili, na mara zote mbili alikuwa anaondoka zake. Kilichonitia hofu kilikuwa maji, mchanga, na watoto wa watu. Mtu akiogopa kwa ajili ya nafsi yake, hofu hiyo huizoea. Lakini kulala mahali ambapo mama wa mtu amelala na watoto wake kwa sababu wewe umemwambia pako salama, hiyo haizoeleki. Mkiona mwenzenu ameizoea, mfukuzeni kazi.

Ninyi mlioingia kazini baada ya vita vya pili mmeniomba niandike jinsi tulivyofanya kazi. Sitaandika nilipandishwa cheo lini wala nililipwaje, maana la kwanza halikutokea sana na la pili linaniudhi hadi leo. Nitaandika yale yanayoweza kuwasaidia msije mkazika mtu.

Nilifika Mwanza kwa meli kutoka Musoma, kijana wa Kijita mwenye shati moja jeupe na elimu ya misheni. Nilitaka ukarani. Makarani walikuwa wamejaa tele. Mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, Bwana Karim, aliyekuwa na duka karibu na bandari, alikuwa na ghala la mahema yaliyobaki baada ya vita vya Mjerumani. Aliyakodisha kwa yeyote aliyetoka mjini: wakubwa wa boma waliokwenda kukagua barabara, wamisionari, na baadaye familia za Wazungu na za Wahindi zilizotaka kupumzika ufukweni pamoja na watoto. Aliniuliza kama naogopa maji. Nikamjibu kwamba sisi Wajita tumezaliwa majini.

"Sijakuuliza ulizaliwa wapi," akasema, akanipeleka kwa Mzee Bujiku.

Bujiku alikuwa nyapara wa kambi, Msukuma wa upande wa Magu, mtu mfupi mwenye sauti ya chini. Wakati wa vita alikuwa mpagazi, akabeba mizigo ya jeshi hadi kusini na kurudi mzima, na habari hizo hakuzisimulia hata alipobembelezwa. Siku hiyo ya kwanza alikuwa amekaa juu ya hema lililokunjwa anashona tundu kwa sindano ya magunia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hivyo viatu ni vya kwenda kanisani?"

"Ni vya kazi, mzee."

"Kazi gani hiyo? Ya hapa tunatazama kwa miguu. Vivue."

Nilidhani ananifanyia mzaha wa mgeni. Tulipokwenda kambi ya kwanza nikaona kwamba hana mzaha. Mchanga wa ziwa letu una tabia ya kufuta. Upepo ukivuma mchana kutwa, nyayo za asubuhi hazipo tena. Mamba anaweza kulala mahali, akaondoka, nawe ukaja kutandika mkeka wako papo hapo kwa furaha. Kwa hiyo Bujiku hakuyaamini macho. Tulipofika mahali, hakuna mtu aliyeshuka garini kabla yeye hajatembea. Alikwenda polepole bila viatu, akibonyeza kwa kisigino, akinusa, akigeuza matawi ya vichaka kuona kama kiboko ameyanyea. Familia ilingoja huku inanung'unika kwa joto. Akirudi alisema ama "Shukeni" ama "Twende mbele." Sababu hakutoa. Mwanzoni nilidhani ni kiburi, baadaye nikaelewa kwamba hakutaka watoto wazisikie.

Alinifundisha kusimamisha hema kwenye mchanga. Kigingi hakishiki mchangani, upepo wa ziwani unaking'oa kama jino la mtoto. Unachukua gunia la pamba lililokwisha kazi, unalijaza mchanga huohuo unaokusumbua, unalifunga kamba ya hema kiunoni, kisha unalizika likiwa limelala. Hema hilo halitaondoka. Nimeona hema la mkubwa mmoja wa boma, lililofungwa kwa vigingi kwa amri yake mwenyewe, likiruka hadi ziwani pamoja na suruali zake zote. Bujiku hakucheka. Aliniambia nimtafutie bwana yule kanga.

Alinifundisha pia kujenga ua wa kuogea. Vijiji vingi vya kandokando ya ziwa vina ua wa namna hii mahali wanawake wanapochota maji, ili mamba asiwafikie. Unakata miti ya unene wa mkono, unaichonga ncha, unaishindilia chini ya maji moja karibu na mwenzake, halafu unasuka miiba katikati. Unaacha mlango mmoja upande wa nchi kavu. Nilijenga nyua za namna hiyo miaka mingi, na sikuogopa kujisifu kwamba mti niliouchimbia mimi hautingishiki. Nilikuwa na sababu. Katika safari zangu za mwanzo msichana wa Kizungu alikuwa anacheza majini kabla ua haujakamilika, mama yake akamwita kunywa chai. Mbwa wao akabaki amesimama majini palepale mtoto alipotoka. Mamba alimchukua mbwa huyo bila sauti, maji yakafunga. Mama alikuwa bado anamimina chai. Tangu siku hiyo sikuweza kumwona mtoto anakaribia maji bila kuacha nililokuwa nafanya na kumfuata, na mpaka leo mjukuu wangu akioga kwenye beseni nasimama karibu.

Kwa hiyo hofu yetu yote tuliielekeza ziwani. Milango ya mahema ilitazama maji, moto tuliwasha upande wa maji, debe la kupiga kelele kiboko akitoka lilining'inia upande wa maji. Kwa miaka ya mahema utaratibu huo ulitutosha, maana mtu anayelala kwenye hema hutafuta mchanga laini, mbali na kila njia.

Halafu likaja Konokono.

Bwana Karim alinunua lori lililochoka kubeba pamba, akamwita fundi seremala, likajengewa nyumba ya mbao mgongoni mwake. Ilikuwa na vitanda vya kukunja ukutani, dirisha lenye wavu wa mbu, kabati la vyombo, na ngazi nyuma. Familia nzima ililala humo bila kugusa ardhi, na mama wa nyumba alipika kwenye jiko la mafuta ya taa mlangoni. Watu wa mjini walilishangaa. Watoto wa Igoma, ambayo wakati ule ilikuwa mashamba matupu, walilikimbilia wakiita "Konokono," na jina likashika. Mimi nilikuwa nimekwisha kujifunza udereva kwenye malori ya pamba, nikakabidhiwa. Nilijiona mtu mkubwa. Bujiku alilizunguka, akalipiga mbao kwa kofi.

"Zuri," akasema. "Litatutafutia mahali pa kulala lenyewe."

Ndivyo ilivyokuwa, ingawa hakuna kati yetu aliyejua maana yake. Lori zito halikai kwenye mchanga laini, linazama hadi kwenye mhimili. Tukaanza kutafuta ardhi ngumu. Nilipunguza upepo wa magurudumu, nilitandika mbao na mabati, nilichimba kwa beleshi mpaka mikono ikaota sugu juu ya sugu, na kila mara nilipoona kipande kigumu nilimshukuru Mungu na kukikimbilia.

Sasa nifike kwenye familia ya Bwana Maganlal.

Alikuwa muuza nguo mjini, Mhindu mpole aliyesema Kiswahili cha kwetu vizuri kuliko mimi. Msimu wa pamba ulipokwisha alikodi Konokono ili ampeleke ziwani mkewe, Mama Kanta, pamoja na Kanta mwenyewe, msichana aliyekuwa anang'oka meno ya mbele, na mtoto mchanga wa kiume. Lakini mwenye safari hasa alikuwa mama yake Bwana Maganlal, ambaye sote tulimwita Bibi. Alikuwa mjane mwembamba, sari nyeupe siku zote. Huko alikozaliwa kulikuwa na mto, na kila alfajiri aliingia mtoni, akaoga, akachota maji kwa chombo cha shaba na kuyamimina akilielekea jua linapochomoza. Mwanza alikuwa akioga kwa ndoo nyuma ya nyumba, na jua likichomoza majabali yanalificha.

"Ninaoga nimeelekea ukuta," aliniambia njiani. "Ukuta nimeshausalimia vya kutosha."

Tuliacha barabara ya Musoma baada ya Magu, tukafuata njia ya ng'ombe hadi kwenye vilima vya mchanga. Mnavijua. Mchanga mweupe umerundikwa na upepo, kilima nyuma ya kilima, na majani makavu juu kama nywele za mzee. Upepo ulikuwa umevuma siku kadhaa mfululizo na mchanga ulikuwa laini kupita nilivyowahi kuona. Konokono likazama. Tulisukuma wote, Bwana Maganlal na nguo zake safi, Mama Kanta na mtoto mgongoni, hata Kanta. Jua likawa linashuka. Viboko tuliwasikia wakikoroma mbali kwenye matete, na kila walipokoroma mtoto mchanga alinyamaza kusikiliza.

Ndipo nikaona kati ya vilima viwili ukanda wa ardhi ngumu, umenyooka kutoka bondeni hadi majini, upana wake kama wa lori na kidogo. Bujiku aliutembea. Upepo ulikuwa umeufagia, hapakuwa na unyayo, hapakuwa na kinyesi, vichaka vya karibu vilikuwa vimefukiwa. Alibonyeza kwa kisigino mara nyingi kuliko kawaida yake.

"Pagumu," akasema. "Sijui kwa nini ni pagumu hivi."

"Mungu ametuonea huruma, mzee."

Akatazama jua, akawatazama watoto, akasema, "Shukeni."

Tulilikwamua lori kwa mbao na mabati, likateleza kwenye ukanda ule kama liko barabarani, na Kanta akapiga makofi. Niliegesha katikati, nikaweka mawe kwenye magurudumu ya mbele. Kisha nikashuka majini kujenga ua wa Bibi, na hata chini ya maji hapo mwisho wa ukanda ardhi ilikuwa ngumu, miti ikashika vizuri ajabu. Mlango niliuacha upande wa nchi kavu, kama siku zote. Bwana Maganlal alilala kwenye hema dogo kwenye mteremko wa kilima, mkewe na watoto wakalala ndani ya Konokono pamoja na Bibi, na Bujiku akatandika turubai lake chini ya lori kati ya magurudumu, kama ilivyokuwa desturi yake.

Kabla hakujapambazuka vizuri Bibi alishuka ngazi na chombo chake cha shaba. Zamu ya kumsindikiza ilikuwa yangu. Utaratibu ni kwamba unatangulia na taa ya chemli, unayatazama maji, unapiga ua kwa fimbo, kisha unasimama mlangoni umempa mgongo mpaka amalize. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji. Nikasimama. Nilimsikia nyuma yangu anajimwagia maji na kusema maneno yake polepole. Nilikuwa nimetulia, na nakumbuka nilijiambia kwamba huyu sasa ameipata safari yake.

Kwa kuwa nilikuwa nimempa mgongo, nilikuwa naangalia nchi kavu. Hilo ni jambo la bahati tu. Niliona kitu kinakuja kutoka bondeni kwenye ukanda ule, nyuma ya Konokono. Nilidhani ni jabali. Kisha jabali likatikisa masikio.

Alikuwa kiboko jike, na pembeni yake mtoto wake. Walikuwa wamekwenda kula majani bondeni, sasa wanarudi majini kabla ya jua, kwa njia yao. Hapo ndipo nilipoelewa ugumu wa ile ardhi. Miguu ya viboko ndiyo iliyoishindilia, tangu zamani, kila siku wakitoka na kurudi. Sisi tumeegesha nyumba katikati ya njia yao, na mwisho wa njia hiyohiyo, mahali wanapoingilia majini, nimejenga ua imara na ndani yake nimemweka mama wa mtu.

Nataka mwelewe tulivyokuwa tumekaa. Mbele yangu njia, katikati ya njia lori lenye Mama Kanta na watoto wawili, nyuma ya lori kiboko na mtoto wake. Nyuma yangu Bibi, amezungukwa na miiba pande zote isipokuwa upande anakotokea mnyama. Kiboko hana ugomvi na mtu kama mtu. Ugomvi wake ni na yule aliyesimama kati yake na maji, na tuliosimama hapo tulikuwa sisi sote.

Alifika kwenye lori akasimama. Alinusa ngazi. Nilisikia pumzi yake kutoka pale nilipokuwa.

Bwana Maganlal alitokea mlangoni pa hema lake. Aliona mnyama, aliona lori, akaniona mimi, na nyuma yangu akamwona mama yake. Akainama akachukua debe. Tulikuwa tumemfundisha sisi wenyewe jana yake kwamba akiona kiboko apige debe. Lakini kiboko akishtuka hukimbilia majini, na njia ya majini ilipita juu ya Bibi. Niliinua mikono yote miwili nikaipishanisha juu ya kichwa. Alisimama na debe mkononi, ananitazama. Sijawahi kuona uso wa namna ile. Mtu anaona watoto wake huku na mama yake kule, na anaambiwa asifanye lolote. Polepole akaliweka debe mchangani.

Nilijiuliza Bujiku yuko wapi. Saa kama ile kwa kawaida huwa ameshaamka na kwenda kuokota kuni. Nikamkasirikia kimoyomoyo kwa kutokuwapo siku ya namna hiyo.

"Bibi," nikanong'ona bila kugeuka. "Tutoke."

"Sijamaliza."

"Bibi, tazama."

Nilisikia maji yakicheza alipogeuka. Kisha nikamsikia anavuta pumzi.

"Watoto wako kwenye gari," akasema.

"Wako kwenye gari. Tunyamaze."

"Huyu anataka nini?"

"Anataka maji. Hapa ndipo mlango wake."

"Basi ufungueni mlango," akasema Bibi, kama anayezungumza na mtu asiye na akili, na akaanza kung'oa mti wa ua kwa mikono yake.

Kupita mlangoni na kukimbia ufukweni ilikuwa ni kwenda machoni pa mnyama. Palikuwa na njia moja tu, kuubomoa ua upande wa kushoto na kupita majini, na kule majini ndiko waliko mamba ambao ua ule ulijengwa kwa ajili yao. Niliingia nikaukamata mti wa kwanza. Haukutingishika. Nililaani mikono yangu iliyoujenga. Miiba iliingia viganjani, na tulipaswa kung'oa bila kuchapa maji. Bibi alikuwa ananing'iniza uzito wake wote, ambao haukuwa mwingi, kwenye mti uleule ninaouvuta mimi.

Kule juu kiboko akalisukuma lori. Tulisikia mbao zinalia. Vyombo vikaanguka ndani, na baada ya hapo hapakusikika kitu. Mama Kanta aliniambia baadaye kwamba alikuwa amempa mtoto mchanga titi na kumfunika Kanta mdomo, na Kanta alikuwa amemng'ata kidole, si kwa ukorofi, kwa hofu. Hakuna hata mmoja aliyetoa sauti. Kiboko akasukuma tena. Mawe ya magurudumu ya mbele yakaruka, Konokono likasogea kuelekea majini, likasimama limeinama.

Mti ukatoka. Wa pili ulikuwa rahisi. Wa tatu tuliulaza tu, tukapita juu yake, sari ya Bibi ikakamatwa na miiba, nikaichana. Maji yalikuwa ya mapajani kwangu na ya kiunoni kwake. Ukungu ulikuwa hauniruhusu kuona mbele, na kila kitu kilichonigusa mguu chini ya maji nilikijua kuwa ni mamba, majani, mawe, hata sari yenyewe. Nilimshika Bibi mkono. Aliushika wangu kwa nguvu mpaka ukafa ganzi. Tulikwenda pembeni, hatua baada ya hatua, mpaka tukapita ncha ya kilima cha mchanga, tukatoka majini, tukapanda kwa magoti.

Juu ya kilima tukaona mwisho wake. Yule mtoto wa kiboko alikuwa ameshapenya kati ya gurudumu na ukuta wa mchanga, anashuka mbio kwenda majini peke yake. Mama yake alipoona mtoto ametangulia hakungoja. Alijibana papo hapo, lori likalalia kilima, mbao za ubavuni zikavunjika, naye akatoka upande wa pili akishuka kama debe la mawe linalobingirika. Alipita kwenye ua wangu. Hakuupita pembeni wala hakuuruka. Miti niliyojisifia ilitawanyika, na maji pale alipokuwa amesimama Bibi yakageuka tope jeupe. Kisha ziwa likatulia.

Bwana Maganlal alikuwa ameshafika kwenye lori anawatoa watoto dirishani. Bibi alitelemka kilima amekaa, kama watoto wanavyofanya, akawapapasa mmoja mmoja kichwa, mikono, miguu. Ndipo akalia. Tulilia karibu wote. Mimi nilishuka kwenye mabaki ya ua nikaokota chombo cha shaba cha Bibi ukingoni.

Niliporudi nikaita, "Mzee Bujiku!"

"Niko hapa," ikajibu sauti ya chini, kutoka chini ya Konokono. "Leteni beleshi."

Nililala kifudifudi nikachungulia. Alikuwa amelala chali juu ya turubai lake, mchanga umemfika kifuani. Gurudumu la nyuma lilikuwa juu ya mguu wake wa kulia, chini ya goti. Liliupanda mguu huo pale lori liliposogea, yaani wakati mimi na Bibi tulikuwa bado tunang'ang'ana na mti wa kwanza. Muda wote ule tulipokuwa tunavuta miti, tunapita majini, tunapanda kilima, na mnyama anakanyaga karibu na kichwa chake, alikuwa hapo na lori zima mguuni, na hakuna aliyesikia hata pumzi.

Tulimfukua mchanga chini ya mguu hadi ukatoka. Sitaueleza. Njiani kurudi Bibi alikaa sakafuni mwa Konokono amepakata kichwa cha Bujiku, na kila nilipopita shimo alinigongea ukuta kwa chombo chake cha shaba. Hospitalini Mwanza waliukata mguu. Bujiku alirudi ghalani akawa mshonaji wa mahema, na mwenye ulimi mkali zaidi kuliko alipokuwa na miguu miwili. Mimi nilikaa katika nafasi yake. Kama mna swali kwa nini kambi zangu zote nyua zilikuwa na milango miwili, na kwa nini sikukubali lori lilale kwenye ardhi ngumu mpaka nijue nani aliyeifanya ngumu, hata abiria wanitukane, jibu ni hilo. Afadhali mchimbe kwa beleshi mpaka jua lizame.

Nilikwenda kumwona wodini siku alipoweza kukaa. Tulizungumza habari za magunia na turubai lililochanika. Mwishowe nikamwuliza lile lililonikosesha usingizi.

"Mzee, mbona hukuita? Hata mara moja?"

Alinitazama kama alivyoyatazama viatu vyangu siku ile ya kwanza.

"Niliogopa sana, Magesa," akasema. "Nilikuwa naona katikati ya magurudumu mpaka majini. Ningeitaje, na bibi wa watu bado hajatoka?"